KIHAMBA CHETU 🌿 (shukrani ya Mama)

*Jumatano, 12 Novemba*

Upendo 19:42
Shimbonyi wapendwa. Najua mmechoka na kazi, lakini Desemba haimsubiri mtu. Shukrani ya Mama kutimiza miaka 80 ni Jumapili tarehe 28, ibada ya kwanza, halafu wote tunapanda nyumbani Marangu. Mchungaji ameshapewa taarifa. Mchango 150,000 kila kaya, mwisho tarehe 5. Mpaka sasa ametoa mtu mmoja, naye ni mimi.

Upendo 19:44
Mgawanyo:
Mbuzi 2 – Godlisten
Mchele kilo 50 – Elinami
Turubai na viti – mimi
Machalari (ndizi na nyama) – Mama Mdogo Anaeli na kina mama wa mtaa
Keki – shemeji Neema
Vinywaji – kaka Eliamani kama kawaida, kreti 20

Upendo 20:31
Naona tiki za bluu kumi na moja. Tiki hazinunui mbuzi.

Godlisten 20:33
Mbuzi wawili wote wangu? Mwaka juzi mlinipa mmoja mkala mpaka kamba

Upendo 20:34
Goodi, usianze.

Eliamani 21:15
Upendo, nitaleta soda na maji. Bia sileti. Na niseme hapa hapa kuliko mje kuambiwa stendi: grosari yangu ya bia naifunga tarehe 30 mwezi huu.

Upendo 21:15
Unaifunga kwa ukarabati?

Eliamani 21:16
Naifunga.

Godlisten 21:17
😳 TRA, watu wa kodi?

Eliamani 21:19
Hapana. Mnajua tangu Agosti nimempa Bwana maisha yangu. Siwezi kuwa mzee wa zamu kanisani Jumapili, halafu Jumatatu nafungua bomba la kilichomfanya jirani yangu alale mtaroni.

Godlisten 21:22
1 Timotheo 5:23. Paulo mwenyewe alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Kaka, mimi tumbo linanisumbua tangu 2008

Frida (Makumira) 21:24
Anko Goodi, alisema KIDOGO 😂

Godlisten 21:25
Na Kana? Mabalasi sita ya mawe. Piga hesabu, hizo ni kreti ngapi

Upendo 21:27
Godlisten acha. Kaka, mimi nafurahi umeokoka, Mungu anajua. Ila tuongee kama watu wazima. Laki mbili ya Mama kila mwezi inatoka wapi? Dawa ya presha, dawa ya sukari, dada wa kazi. Hiyo laki mbili haijawahi kutoka kwenye kwaya.

Neema wa Eliamani 21:30
Afadhali umeuliza wewe wifi. Mimi nimeokoka naye, tulisimama siku moja mbele. Lakini ada ya Januari yeye amemwachia nani aokoke nayo? Mimi nimesikia habari ya tarehe 30 leo, kama ninyi.

Godlisten 21:31
Eeeeh

Eliamani 21:33
Neema tutaongea nyumbani.

Neema wa Eliamani 21:33
Nyumbani nilikuwepo wiki nzima.

Upendo 21:40
Na nikumbushe, kwa sababu wengine walikuwa wadogo. Ada yangu ya chuo miaka mitatu ililipwa na hizo kreti. Ya Goodi pia. Bati za nyumba ya Mama, kreti. Jeneza la Baba 2011, kreti. Sasa leo tunaambiwa ile pesa ilikuwa dhambi. Sisi tuliosomeshwa nayo turudishe vyeti?

Eliamani 21:58
Sijasema hivyo. Sikilizeni, nitaandika mara moja tu. Mwezi wa saba alikuja mke wa yule fundi wa milango, mnamjua. Hakufoka. Alikuwa na mtoto mgongoni. Akaomba daftari la madeni alione. Nikadhani kaja kulipa. Akaliweka juu ya friji, akawa anapitisha kidole mstari kwa mstari, anahesabu kwa sauti ndogo kila alipokuta jina la mumewe. Akafika kumi na tisa. Siku kumi na tisa za mwezi mmoja. Akasema, "Kumbe alikuwa hapa, nilidhani ana mwanamke." Akafunga daftari, akaniambia asante. Ile asante ndiyo sikuweza kulala nayo. Mahubiri ya Agosti yalinikuta nimeshapigwa.

Elinami 22:04
🙏🏾

Upendo 22:10
Pole. Hiyo inauma kweli. Lakini ukifunga wewe, fundi atavuka barabara tu.

Eliamani 22:12
Atavuka. Lakini halitakuwa daftari langu.

Eliamani 22:14
Na wewe ulipogoma kusaini risiti hewa pale ofisini, ukanyimwa safari za kikazi mwaka mzima, uliita kikao cha ukoo? Ulisema dhamiri yako imekataa. Nikakupigia simu kukupa hongera.

Upendo 22:15
Ile hasara ilikuwa yangu peke yangu. Hii unatugawia.

Upendo 22:16
Na wale mabinti wawili wahudumu?

Eliamani 22:18
Mmoja nabaki naye. Pale naweka duka la vyakula vya kuku na pembejeo. Friji mbili nauza, ndio mtaji wa kuanzia. Yule mwingine sijui bado.

Godlisten 22:19
Friji ile ya milango miwili ya kioo?

Upendo 22:20
GODLISTEN

Godlisten 22:20
Nauliza tu kama ndugu

*Alhamisi, 13 Novemba*

Mama Mdogo Anaeli 05:52
Bwana asifiwe watoto. Jana nililala mapema, nimesoma sasa baada ya kukamua. Eliamani mwanangu nimefurahi sana umeokoka. Sasa masale yangu ya mpakani je?

Frida (Makumira) 06:40
Shikamoo Bibi. Masale gani?

Upendo 07:05
Frida nenda darasani. Mama Mdogo shikamoo. Hilo jambo tumelisikia, tutalikalia Desemba tukiwa wote.

Mama Mdogo Anaeli 07:11
Marahaba. Desemba ya mwaka gani? Msiba wa baba yenu mliniambia Desemba. Ubatizo wa Kelvin mliniambia Desemba. Mimi nina miaka 71.

Godlisten 07:30
Mama Mdogo, Desemba hii tutakuchinjia mbuzi wako peke yako 😄

Mama Mdogo Anaeli 07:32
Sitaki mbuzi.

Upendo 09:15
Wapendwa tusichanganye mambo. Grupu hili ni la shukrani.

Eliamani 12:47
Mama Mdogo shikamoo. Ule mpaka alihamisha marehemu Baba. Mimi nimeukuta hivyo.

Mama Mdogo Anaeli 12:55
Marahaba. Mume wangu alizikwa 1995. Mwaka uliofuata, asubuhi ya ukungu, nilikuwa dirishani na taa nimeizima. Baba yako alikuwa anachimba na sururu. Kulikuwa na kijana ameshika miche ya masale kwapani, kavaa sweta la shule la kijani. Baba yenu alikuwa na watoto wangapi wanaovaa kijani 1996?

Eliamani 12:56
_Ujumbe huu ulifutwa_

Eliamani 13:20
_Ujumbe huu ulifutwa_

Elinami 15:48
Jamani samahani nilikuwa zamu ya usiku nikalala. Mchele nimeuona, kilo 50 sawa. Wa Mbeya au wa Kahama?

Upendo 15:49
Elinami soma juu.

Elinami 15:57
Ooh.

Eliamani 16:30
Nilishika miche. Baba alichimba. Nilikuwa kidato cha pili. Aliniambia tunanyoosha mstari. Nilijua si kunyoosha, kwa sababu alitaka tumalize kabla jua halijatoka. Mama Mdogo, nimekupita pale kila Krismasi nikikusalimia.

Mama Mdogo Anaeli 16:41
Hatua nne. Migomba mistari mitatu na mibuni sita ya mume wangu.

Upendo 16:50
Lakini pale ndipo lilipo banda la ng'ombe la Mama. Tumelijenga 2014 kwa zege. Mama hana hata habari, hayumo humu, naomba asiambiwe kwa simu.

Frida (Makumira) 17:22
Naomba niseme kidogo kwa heshima. Walawi 6: aliyechukua kwa dhuluma anarudisha kitu kizima na anaongeza sehemu ya tano, anampa mwenyewe. Ndipo anapeleka sadaka kwa kuhani. Zakayo akaenda mbali zaidi, Luka 19, mara nne.

Godlisten 17:24
Hatua nne mara nne ni kumi na sita. Mama Mdogo atafika sebuleni kwa Mama, akae kwenye kochi 😂😂

Godlisten 17:25
Au tumlipe kwa Walawi?

Upendo 17:26
Kwa Walawi ni hatua 4.8.

Upendo 17:26
Sijui kwa nini nimepiga hesabu.

Kelvin 20:08
Shikamooni wote. Niko kwa Babu, Baba Mkubwa wenu. Nimemsomea zote tangu jana, na utani wa anko Goodi pia. Amenyamaza muda mrefu. Anasema niandike kama anavyosema nisipunguze.

Kelvin 20:15
BABA MKUBWA ANASEMA: Uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, ulipofika huku mlimani mimi nilikuwa mtoto. Watu walikuwa hawasemi nimeokoka wakaishia hapo. Kulikuwa na mzee mmoja wa mtaa wetu alirudisha jembe aliloiba kwa mwenzake, kalitia na mpini mpya, akalibeba mchana watu wakiwa sokoni wamwone. Sisi watoto tulimcheka. Mama yangu alinichapa kwa kucheka.

Kelvin 20:19
BABA MKUBWA ANASEMA: Eliamani, kufunga baa ni jambo jema. Lakini umeanza na mlango ulio mbali. Mwenye baa nyingine atakusifu, mchungaji atakusifu. Huyu wa jirani yako hakuomba ufunge baa. Katika ukoo huu mtu akikosa anachukua jani la isale, analifunga fundo, anakwenda kwa miguu yake. Injili haikulifuta hilo.

Kelvin 20:22
BABA MKUBWA ANASEMA: Na mimi pia niliuona mpaka umesogea. Ndugu yangu alikuwa mkali, nikasema nitamwambia kesho. Nimemzika sijamwambia. Kwa hiyo nami nitakwenda kwa Anaeli, Kelvin atanishika mkono.

Kelvin 20:24
BABA MKUBWA ANASEMA: Upendo, Mathayo 5 mstari wa 23 na 24. Soma mwenyewe uone sadaka inaachwa wapi. Kama tarehe 28 jambo hili bado, mimi sisimami kwenye shukrani hiyo. Mtasimama ninyi na keki yenu.

Kelvin 20:24
Amemaliza. Anasema habari ya mbege waulizeni wanaokunywa, asiulizwe yeye.

Godlisten 20:40
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesikia.

Elinami 20:41
Shikamoo Baba Mkubwa 🙏🏾

Neema wa Eliamani 20:44
Aika Baba Mkubwa.

Upendo 21:30
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesoma. Naomba tu ieleweke kadi zimeshachapwa.

Mama Mdogo Anaeli 21:33
Kadi ni karatasi mwanangu.

*Ijumaa, 14 Novemba*

Upendo 08:02
Nimefikiria usiku kucha. Mapendekezo: (1) mgawanyo unabaki, vinywaji ni soda, togwa na maji. (2) Laki mbili ya Mama kuanzia Januari: mimi 70, Elinami 50, Goodi 50, kaka 30 mpaka duka lisimame. (3) Banda libomolewe kwa gharama ya nani, sijui. Mnisaidie.

Godlisten 08:45
50 ni kubwa dada. Mwanza huku samaki wenyewe wamepanda bei

Upendo 08:46
Umekataa mbuzi, umekataa bia ikatazwe, umekataa hamsini. Unakubali nini?

Godlisten 08:50
Friji nanunua

Elinami 11:19
Mimi 50 sawa. Ila kuanzia Februari.

Mama Mdogo Anaeli 12:06
Banda msibomoe. Ng'ombe watakwenda wapi na mvua hii. Sikuomba banda. Nilitaka mtu aseme mpaka ulikuwa wapi.

Eliamani 18:37
Mama Mdogo, kesho upo nyumbani?

Mama Mdogo Anaeli 18:52
Kesho nina kikundi cha kina mama. Njoo Jumapili, baada ya mnada wa mavuno kanisani. Usije na soda.

Upendo 18:54
Kaka, uende na Neema.

Neema wa Eliamani 18:55
Hajaniambia.

Upendo 20:10
Orodha mpya nitaiweka kesho. Vinywaji: ______. Dawa za Mama Januari: ______. Tarehe 5 ipo pale pale.

Kelvin 20:47
Babu anataka kulala. Anauliza Eliamani amejibu nini.

Upendo 20:48
Mwambie atakwenda Jumapili.

Mama Mdogo Anaeli 20:51
Hajasema atakuja. Nimesema mimi.