Naombeni ushauri: usafiri wa kila asubuhi kwenda Kivukoni, Dar

Mwana_Uyole: Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya. Wiki ijayo naenda Dar, nitakaa kama miezi miwili. Jumatatu hadi Ijumaa natakiwa niwe maeneo ya Kivukoni asubuhi. Gari sina, na teksi za kila siku siziwezi. Tukishuka Ubungo tunafikaje? Na kwa safari za kila siku, bora mwendokasi, daladala au pantoni? Usingizi sipati.

Kinyozi_Mwanjelwa: Mwendokasi, mkuu. Ina barabara yake, Kimara mpaka Kivukoni foleni unaitazama dirishani. Mimi nilikuwa napanda ya Gerezani, kazi yangu ikiwa Kariakoo. Ila jioni usiombe. Siku moja kwenye kugombea mlango kiatu kilibaki kituo cha Fire, mimi nikafika Kimara na soksi. Mwaka huohuo nikarudi Mbeya kufungua saluni.

Mama_Viazi: Mwanangu, usibebe gunia. Kila anayetoka huku anataka kuwapelekea ndugu viazi na mchele wa Kyela, halafu anahangaika nalo kwenye daladala watu wakimsonya.

Dada_Tukuyu: "Tunafikaje"? Uko na nani? Na ni shughuli gani hiyo ya kila siku miezi miwili?

Mwana_Uyole: Shughuli binafsi tu, dada. Nimeuliza usafiri.

Dada_Tukuyu: Anayewahi kazini na anayekwenda na mtoto mgongoni hawapandi gari moja. Sema tukusaidie.

Mwana_Uyole: Haya. Nampeleka mama. Anaanza mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, na akisimama kidogo tu miguu inaisha nguvu. Sikutaka kusema kwa sababu humu wamo ndugu ambao hawajaambiwa. Chumba nimeshapata Kigamboni, kimelipiwa. Tafadhali msiniambie nikapange Kimara. Kutoka Kimara unaukata mji mzima, ila Kigamboni ni maji tu katikati, nauli 200, na ukishuka Magogoni hospitali iko upande huohuo wa bahari.

Shemasi_Ilomba: Kuwaficha ndugu ugonjwa wa mama si sawa. Ukoo ukikaa kikao, hela ya teksi inapatikana. Mama si wako peke yako.

Jicho_Soweto: Subirini kwanza. Mtu kalipia chumba Dar halafu anasema atashuka Ubungo? Stendi ya mikoa ilihamia Mbezi Luis tangu 2021! Na tiba gani hiyo ya kila siku? Hii ni chai. Kesho mtaona namba ya kuchangia.

Dada_Tukuyu: Mionzi ndivyo ilivyo, siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo. Nimemuuguza mtu, najua.

Mwana_Uyole: Sitaki hata shilingi ya mtu. Chumba kanitafutia rafiki. Dar mara ya mwisho nilifika stendi ikiwa bado Ubungo. Karatasi ya rufaa ninayo, lakini ya mama siiweki hapa ili wewe uamini.

Jicho_Soweto: Wote husema hivyohivyo.

Konda_Mstaafu: Kijana, muache huyo. Watu wa huku tunasema Ubungo mpaka leo. Nisikilize mimi. Basi la kutoka Mbeya likichelewa Kitonga mnaingia Mbezi usiku. Msikimbilie feri usiku huo, laleni gesti hapo karibu. Asubuhi watu wa kazini wakishapungua, pandeni mwendokasi ya Kivukoni palepale Mbezi. Inaanzia hapo, kwa hiyo ikijaa iacheni, subirini inayofuata mama apate kiti. Inaishia jirani na pantoni.

Sasa Kigamboni. Umbali umepiga hesabu vizuri, lakini umesahau foleni ya miguu. Asubuhi watu wote wanavuka kwenda mjini, mnasubiri mmesimama, geti likifunguliwa ni kusukumana. Mama yako hapawezi. Hospitali waombe mapema wampangie saa nne au saa tano. Tafuteni bajaji mmoja wa kudumu, muulize kwanza kama anaruhusiwa kuingia mjini. Avuke nanyi kwenye pantoni, na getini uwaeleze wahudumu kuwa una mgonjwa, asishushwe. Pantoni ikisumbua, bajaji huyohuyo azungukie daraja la Nyerere, litawatokeza Kurasini. Ni mbali, ila mama amekaa.

Mwana_Uyole: Ndaga fijo, asante sana baba. Chumba sibadilishi, hela imeshaenda. Ila bajaji sikuwa nimemfikiria kabisa. Nampigia rafiki sasa hivi aulize bei ya mwezi.

Shemasi_Ilomba: Na ndugu?

Mwana_Uyole: Mama mwenyewe ndiye aliyekataa wasiambiwe, Shemasi.

Dada_Tukuyu: Bei akikutajia iandike hapa kabla hujakubali. Na mama mnunulie kigoda cha kukunja, cha kukalia kituoni.