Upepo ukifika kiasi gani, mruko wa parachuti uahirishwe?

Swali: Ndugu zangu, mimi bado ni mwanafunzi. Kipimo kikionyesha maili 12 kwa saa, lakini mivumo ikawa inapanda ghafla hadi 19, je, niruke au nisubiri?

Jibu: Subiri. Chama cha parachuti cha Marekani, USPA, kimemwekea mwanafunzi kikomo cha maili 14 kwa saa, yaani takriban kilomita 22, nami huhesabu mvumo mkubwa kuliko yote, si wastani.

Jibu: Naafiki, ila mimi huhofia zaidi hiyo tofauti ya 7. Parachuti ya mstatili hushikilia umbo lake kwa hewa inayoingia kwa mbele, hivyo mvumo ukikatika ghafla ukiwa mita chache tu juu ya ardhi, inaweza kukunjamana na kukuangusha kabla hujavuta breki. Usitue nyuma ya miti wala majengo, kwani hewa huvurugika huko hadi umbali wa mara 10 au 20 ya kimo chake.

Jibu: Muulize rubani pia kuhusu upepo wa juu. Ukizidi mwendo wa parachuti, utarudishwa kinyumenyume hata ukiukabili vilivyo.

Muuliza swali: Nashukuru. Mkufunzi naye amesimamisha wanafunzi wote hadi jioni.