Baba kumbe ana mtoto mkubwa Kasulu, ndugu zangu wanataka nisaini muhtasari wa ukoo usio na jina lake

BintiMuheza

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, ni refu kidogo na kichwa changu hakijatulia.

Baba yetu alifariki mwezi wa tatu, mzee wa miaka themanini na kitu, alifanya kazi kwenye mkonge miaka mingi halafu akawa mkulima wa machungwa hapa hapa Muheza. Tangu tunapata akili tumeambiwa baba ni Mzigua wa Handeni, wazazi wake walikufa mapema na hana ndugu, ukimuuliza habari za kwao anakwambia kwetu ni hapa, basi inaishia hapo.

Siku ya arobaini akashuka kwenye basi mzee mmoja wa miaka sitini na kitu kutoka Kasulu, ana bahasha mkononi, akasalimia watu wote vizuri halafu akasema marehemu ni baba yake mzazi. Taarifa ya msiba aliipata kwa mzee mwenzake baba wa kambi ya mkonge, ambaye kumbe ni Muha na alikuwa anajua siku zote. Vijana pale kwenye turubai wakataka kumtoa, mama akamtazama sana akasema mwacheni akae ale kwanza. Jamani yule mzee ni baba mtupu, shingo ile ile, hata kikombe anakishika kwa juu na vidole vitatu kama baba.

Usiku mama akatupa funguo ya sanduku la bati la baba ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifungua. Tukakuta kipande chake cha zamani, ile kadi ya kazi ya mkonge, jina lingine kabisa, kijiji cha Kasulu. Chini yake kuna risiti za hawala ya posta zimefungwa kwa uzi wa singa za mkonge, wino umefifia ila zinasomeka, zote zimetumwa kwa mwanamke mmoja, ya mwisho ni ya 1973. Jina la huyo mwanamke ndilo yule mzee alilokuwa ametutajia mchana kuwa ni mama yake, aliyefariki 1998. Mama anasema alijua baba si Mzigua ila habari za mtoto hakuwahi kuambiwa.

Sasa mirathi. Kuna nyumba na shamba. Tupo wavulana watatu na wasichana wawili, na mama yupo. Kaka mkubwa ndiye atakayeomba usimamizi mahakama ya mwanzo, muhtasari wa kikao umeshaandikwa, warithi ni mama na sisi watano tu. Wanasema yule jina lake halifanani na la baba, hajamuuguza hata siku moja, na pia ni Mkristo wakati baba alikuwa Muislamu. Wote wamesaini nimebaki mimi, naambiwa nisiposaini nimeivua nguo familia. Na mwenyewe hajadai kitu, aliomba aonyeshwe kaburi na apewe picha moja ya baba, basi.

Nisaini au nisisaini? Na kinachoniumiza zaidi, huyu baba niliyemzika alikuwa nani? Mtu anaishije miaka sitini na jina ambalo si lake?

---

Mzee_wa_Korona

Pole sana mwanangu. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu nimekulia kambi ya mkonge upande wa Hale, baba yangu alikuwa kwenye korona, mashine ile inayochana majani kutoa singa, na majina ya namna hiyo nimeyaona mengi.

Zamani za mkoloni wazee wetu walichukuliwa na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuandikisha vibarua, ilianza 1944. Walitolewa Kigoma, Songea, Njombe, mpaka Msumbiji na Burundi, wakaletwa huku Tanga. Kipande kilikuwa siku thelathini za kazi na uzimalize ndani ya siku arobaini na mbili, la sivyo mshahara wa kipande hicho una matatizo. Na ukitoroka mkataba hukuwa umeacha kazi tu, lilikuwa kosa la jinai, unatafutwa unafungwa. Sasa mtu ameonewa na nyapara shamba hili, anatoroka usiku, anakwenda kuandikwa shamba la pili. Ataandikwa kwa jina gani? Lile linalotafutwa? Wengine walisilimu wakapewa jina jipya msikitini, wengine walifika kwa karani hajui lugha yao akaandika alichosikia. Na ukishaandikwa hivyo ndivyo unavyolipwa, ndivyo unavyooa, na watoto wako wanabatizwa au kusomewa kwa jina hilo. Utarudi vipi nyuma?

Mimi wala simuoni baba yako kama mtu aliyedanganya watu. Namuona kijana wa miaka ishirini amekata majani yenye miiba kutoka alfajiri, anafunga matita, halafu mwisho wa mwezi anakwenda posta kumtumia mke wake. Zile risiti usizipoteze.

---

Kaka_wa_Ukoo

Mimi nitasema tofauti na mtanisamehe. Nimemuuguza baba yangu mwenyewe mpaka dakika ya mwisho, nimemgeuza kitandani, nimeuza ng'ombe wa matibabu, ndugu wengine walikuja kuonekana siku ya kugawana. Inauma. Hao kaka zako msiwaone watu wabaya, wamepigwa na vitu viwili kwa wakati mmoja, msiba na huyu mgeni. Hata kama ni mtoto kweli, aliyelima lile shamba la machungwa na aliyekaa na mzee ni nani? Dada usigombane na watu uliozaliwa nao kwa ajili ya mtu uliyemjua juzi. Mpeni nauli nzuri na picha na mkae kwa amani.

---

HeruJuu

Kaka wa Ukoo nimekusoma na pole kwa uliyopitia, lakini niseme kwa upande wa tuliobaki Kigoma. Bibi yangu aliachwa hivyo hivyo. Hakuna aliyemuuguza, hakuna aliyelima naye, alilea watoto wanne kwa jembe la mkono na mihogo na mawese ya kukamua mwenyewe, na hakuolewa tena kwa sababu mahari ilikuwa imetolewa na mume wake hajafa, yuko Tanga. Huyo mzee aliyekuja na bahasha hakukataa kumuuguza baba yake. Hakujua aliko.

Na hiyo 1973 mimi haijanishangaza kabisa. Miaka hiyo ndiyo watu wa kwetu walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, nyumba zikaachwa, watu wakapelekwa sehemu nyingine. Barua na hela zilikuja kwa jina la mahali ambapo hapana mtu tena. Kwa bibi yangu ndivyo ilivyokatika, na kila upande ukabaki unajua umesahauliwa na mwenzake. Uliza huyo kaka yako kijiji chao kilihamishwa lini.

---

BintiMuheza

HeruJuu umenitoa machozi. Unaposema mawese, baba alikuwa akiumwa tu anataka mboga iungwe kwa mawese, huku kwetu kila kitu ni nazi, mama alikuwa anahangaika soko zima na sisi tunasema mzee ana tamaa za ajabu.

---

Dawati la Mirathi

Nifafanue upande wa mahakama, nimekaa kwenye kazi hizi muda mrefu.

Dada, muhtasari unamsaidia hakimu kujua marehemu aliacha nani na nani. Mkiandika watu sita wakati mnajua wapo saba, na kaka yako akaenda kuthibitisha hivyo mbele ya mahakama, amedanganya mahakama, na usimamizi uliopatikana kwa kuficha jambo la msingi unaweza kutenguliwa, hata miaka imepita, hata nyumba imeshauzwa, na hapo aliyenunua naye anaingia kwenye kesi na nyie mnatafuta hela mlizokwisha kula. Nimeona familia zikirudi mahakamani wakati watoto wa waliosaini nao wameshakuwa watu wazima. Kwa hiyo usisaini karatasi unayojua haijasema kweli. Hii sikwambii kwa ajili ya mtu wa Kasulu tu, unawalinda na hao kaka zako.

Majina mawili hayazuii kitu. Unapatikana ushahidi, kipande chenyewe, risiti, yule mzee wa kambini aje aseme, na viapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kukibaki ubishi wa damu kuna vipimo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kaka zako na huyo mzee wanaweza kupimwa, ila huendi mwenyewe mlangoni, unapitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii.

Na msimamizi si mrithi mkuu, hili watu hawaelewi kabisa. Akishateuliwa ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni kwenye Fomu Na. 5, baadaye Fomu Na. 6 ya hesabu za mgawanyo. Kabla ya yote toeni kilicho cha mama. Kama shamba walilinunua na kulilima pamoja, jasho lake halirithiwi, ni lake.

Suala la dini tofauti simo, waje wenye elimu yake.

---

Ustadhi wa Pongwe

Assalamu alaykum. Dada yangu, katika mirathi ya kiislamu ni kweli asiyekuwa Muislamu harithi kwa Muislamu, kaka zako hapo hawajakosea na sitakudanganya ili ufurahi. Lakini kutorithi si kufutwa. Nasaba yake ipo pale pale, alizaliwa ndani ya ndoa, ni mtoto wa marehemu na ni ndugu yenu, na kuandika kwamba hayupo ni uongo ambao dini haikuwatuma.

Kuna milango. Kama baba aliacha wasia, asiye mrithi anaweza kuusiwa mpaka theluthi moja ya mali. Kama hakuacha, warithi watu wazima wakiridhia wanaweza kumpa katika mafungu yao. Na someni Suratun Nisaa aya ya 8, inaagiza kwamba jamaa, mayatima na masikini wakihudhuria mgawanyo wapewe kitu na waambiwe maneno mazuri. Yeye amehudhuria arobaini ya baba yake kwa nauli yake. Nendeni Bakwata hapo wilayani wawafanyie mchanganuo, halafu mjadili cha kumpa mkiwa mmekaa naye, sio akiwa hayupo.

---

BintiMuheza

Ahsanteni sana wote, sikutegemea. Naleta mrejesho.

Sikusaini. Jana nilikaa na kaka mkubwa peke yetu, sikwenda na maneno makali, nikachukua daftari tukapiga hesabu. Tukasema tuchukulie baada ya kutoa cha mama vilivyobaki ni milioni 80. Mama thumni yake, yaani moja ya nane, milioni 10, zinabaki 70. Tukiwa watano kila mvulana 17.5 na kila msichana 8.75. Tukimweka yule kaka kama mmoja wetu, mvulana 14, msichana 7. Kwa hiyo mimi ninapungua milioni moja na laki saba na nusu, na yeye tatu na nusu. Nikamuuliza hela hii ndiyo inatufanya tuseme baba hakuwahi kuwa na mtoto? Alinyamaza muda mrefu. Akasema shida yake si hela, yeye maisha yote ameitwa mtoto wa kwanza, mzee alimwambia wewe ndiye mkubwa utawaangalia wenzako, sasa leo anaambiwa yeye ni wa pili. Hapo nilimuelewa kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Nilikuwa namuona mchoyo kumbe na yeye ameondolewa baba.

Nikampigia simu yule mzee wa Kasulu, namuita kaka sasa. Nikamuuliza kijiji. Akasema walihamishwa kweli, yeye bado ni mtoto mdogo, wakatolewa mlimani wakapelekwa karibu na barabara, mama yake alikuwa anarudi kwa miguu kule kwa zamani kuuliza kama kuna barua. Ameomba nimpigie picha zile risiti aone mwandiko.

Mama ndiye aliyemaliza ubishi wa muhtasari, alimwambia mjomba aliyekuwa mwenyekiti wa kikao kwamba karatasi ile ichanwe iandikwe nyingine, watoto wa marehemu ni sita. Cha kumpa bado, mdogo wangu wa mwisho hajaridhia na hatutamlazimisha, Bakwata tunakwenda wiki ijayo.

Dawati, swali moja, kwenye muhtasari mpya tuanze na jina gani la baba, la huku au la Kasulu?

---

Dawati la Mirathi

Anzeni na lililo kwenye cheti cha kifo na hati ya nyumba, halafu andikeni "aliyejulikana pia kama" na mweke lile la kwenye kipande. Herufi zifanane kila mahali, kwenye muhtasari, viapo na fomu ya maombi. Na huyo mzee wa kambini mumlete mapema atoe maelezo yake yaandikwe, umri wake ni mkubwa.

---

Kaka_wa_Ukoo

Dada hongera. Msalimie kaka yako mkubwa, mwambie hiyo ya kuitwa wa kwanza mimi nimeielewa kuliko wote humu.