Kujitolea kusihesabiwe kwenye ajira za ualimu mpaka anayejitolea alipwe angalau nauli. Tujadili

Mleta mada (Arusha):

Wakuu, habari za mchana.

Umoja wa Mataifa umeutangaza 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wajitoleaji kwa Maendeleo Endelevu, kwa hiyo jiandaeni kwa semina, fulana na picha za pamoja pale ukumbi wa mikutano wa AICC. Sina ugomvi na fulana. Ninachotaka tujadili ni ile hoja ambayo haiishi bungeni, kwamba walimu wanaojitolea mashuleni wapewe kipaumbele ajira zikitoka. Ukiisikia juu juu ni haki tupu. Mtu kafundisha Fizikia miaka mitatu bure, apitwe na aliyekuwa amekaa nyumbani?

Mimi naipinga, na sababu yangu ni moja. Hebu tuangalie ni nani hasa anayeweza kufundisha miaka mitatu bure.

Chukua vijana wawili waliomaliza chuo pamoja. Mmoja kwao ni Njiro, anakula na kulala kwa baba yake, shule iko jirani. Mwenzake katokea Karatu, kapanga chumba Ngarenaro. Huyu wa pili namfahamu. Asubuhi daladala mia sita, jioni mia sita, mchana anakunywa chai ya ofisini kama mwalimu wa zamu kakumbuka kumhesabu. Posho yake ilikuwa elfu hamsini kwa mwezi, ikitoka kwenye michango ya wazazi, na michango yenyewe tangu elimu bila malipo ianze 2016 mkuu wa shule anaichangisha huku anaangalia nyuma. Mwezi wa nne posho haikutoka. Wa tano haikutoka. Wa sita akachukua bodaboda ya mkataba, yuko Kisongo mpaka leo. Ajira zikitangazwa, wa Njiro atapeleka barua ya miaka mitatu yenye mhuri. Huyu wa bodaboda hana hata karatasi. Hapo uzalendo umepimwaje?

Na msiniambie kujitolea ni kushinda njaa. Mpango wa wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa 1970, unawapa watu wake posho ya kujikimu kila mwezi. Peace Corps ya Marekani, ambayo Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuipokea 1961 (walikuja wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia), inamlipia mtu wake makazi na chakula, na muda wake unajulikana, miaka miwili. Hata JKT kijana wa kujitolea analishwa, anavishwa, analala kambini.

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Machame:

Mwanangu, mmedekezwa. Hii mifongo, mifereji yetu inayoleta maji vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani, haikuchimbwa na mkandarasi. Watu waliitwa, wakatoka na majembe, asiyetoka akatozwa faini. Shule niliyosoma ilijengwa kwa msaragambo, mama zetu wakibeba mawe kutoka mtoni kichwani. Hakuna aliyeuliza nauli. Na wewe uko Arusha, mji uliotupa Azimio la 1967 lililokataa pesa kuwa msingi wa maendeleo! Mkianza kulipana kwa kila kitu, kijijini nani atazika mwenzake?

Mleta mada:

Shikamoo mzee. Mfongo ukizibuliwa, maji yanakwenda kwenye kihamba cha nani? Cha aliyezibua. Na msaragambo ulikuwa siku moja au mbili, jioni mkarudi kwenu mkala ndizi zenu. Mwalimu huyu anashinda shuleni Jumatatu mpaka Ijumaa, anasahihisha madaftari usiku, na kazi ni ya mwajiri mwenye bajeti anayoisoma Dodoma. Msiba hatulipani, hilo tuko pamoja. (Na asante kwa mawe, shule ile bado imesimama.)

Anayejitolea, Usa River:

Mimi ndiye mnayemjadili, kwa hiyo niruhusuni. Nina mikondo minne ya Hisabati, mmoja una wanafunzi zaidi ya themanini. Silipwi. Kwetu si Njiro, nalala kwa dada yangu na shemeji ameshaanza kuniuliza maswali wakati wa kula.

Mleta mada, una nia njema, ila hujui mambo yanavyokwenda. Ukisema "kusihesabiwe mpaka walipwe", watachukua nusu ya kwanza tu. Barua yangu itakuwa karatasi ya kufungia karanga na hiyo nauli sitaiona. Nimeshatoa miaka yangu, sasa unataka kunivua na ile kofia moja niliyobakiwa nayo? Anza na nauli kwanza, mambo ya kuhesabu tutaongea baadaye.

Mama wa Rau, Moshi:

Mbona mnawasahau wageni? Mimi nalaza nyumbani kwangu wajitoleaji kutoka Ulaya. Wamenisomeshea watoto, siwasemi vibaya. 2020 corona ilipozuia ndege nilibaki na vitanda vitupu, mpaka muuza maziwa wangu alilia. Lakini kuna kitu kinanikera. Binti wa miaka kumi na tisa, hajasomea ualimu popote, anafika Jumapili, Jumatatu kapewa darasa la Kiingereza, wiki ya tatu anapanda mlima, anaondoka. Watoto wanaanza upya na mwingine, "Hello, my name is". Na mtaani kwangu kuna mwenye shahada ya Kiingereza anauza vocha. Tofauti yao ni kwamba yule wa Ulaya alilipa ili ajitolee.

Ustawi, Arusha:

Mama umegusa penyewe. Shuleni kuna afadhali, njooni kwenye makao ya watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kila makao yawe na leseni, na 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilionya juu ya watoto kuingizwa kwenye makao kwa ajili ya biashara, na utalii wa kujitolea ukatajwa. Mtoto ana shangazi Tengeru anayeweza kumlea akisaidiwa gunia la mahindi na ada. Lakini shangazi hapigwi picha na mtu.

Kijana wa Pasua:

Nimekaa pale nasubiri mtu atuambie hela inatoka wapi 😀

Mleta mada:

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ile 4 ya vijana ikatwe kidogo iwe posho.

Mhasibu mstaafu:

Haikatwi, bwana. Zile kisheria ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi, inarejeshwa ili wengine wakope. Ukilipa nayo posho, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakuandikia hoja ya ukaguzi na mkurugenzi anajieleza. Kama mko makini, madiwani wapitishe kifungu chake kwenye bajeti ya matumizi ya kawaida: wajitoleaji kadhaa, posho kiasi hiki, mkataba wa mwaka mmoja. Fedha ikitosha watu ishirini, wapokelewe ishirini. Vikao vya bajeti vina ratiba yake, muwahini diwani kabla, siyo mnakuja kulalamika mwezi wa saba.

Mleta mada:

Hiyo naichukua yote. Na wa Usa River, waliokwisha kujitolea barua zao zihesabiwe, sina tatizo. Nachotaka ni kwamba kuanzia mwaka wa fedha utakaotajwa, shule isipokee mtu bila mkataba na posho iliyotengwa.

Mfugaji, Longido:

Mkuu, huku kwetu shule ya kata haina mwalimu wa Fizikia hata mmoja. Akitokea kijana kesho bila mkataba, mlinzi amrudishe getini?

Mleta mada:

Asirudishwe. Aingie darasani, na kijiji kimpe chumba na maziwa tangu siku ya kwanza, iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji na nakala aende nayo halmashauri. Hiyo pia ni posho.

Anayejitolea, Usa River:

Chumba na maziwa? Longido sehemu gani hiyo, niongee na shemeji.