Propilini glaikoli ya viwandani inafaa kwenye losheni?

Mama Losheni, Morogoro
Salaam ndugu zangu. Ninatengeneza losheni ya mikono kwa kutumia glisirini, lakini wateja wanalalamika kwamba inanata. Muuzaji wa kemikali amenishauri nitumie propilini glaikoli, naye anazo aina mbili, ile ya viwandani ikiwa na bei nafuu zaidi. Kimiminika hiki kina sifa gani, na je, hiyo ya bei nafuu inafaa kwa ngozi?

Fundi Maabara
Ni kiyeyushi kinachotengenezwa hasa kwa kuunganisha propilini oksaidi na maji. Hakina rangi, huchanganyika na maji kwa kiwango chochote, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, hakikauki upesi. Kwenye losheni hushikilia unyevu na kuyeyusha vihifadhi: ukitia methili parabeni kwenye maji baridi utaona chembe nyeupe zikielea, ilhali ndani ya propilini glaikoli huyeyuka vizuri. Viwandani hutumika kutengenezea resini za boti na matangi ya faiba, na viwanja vya ndege vya nchi za baridi huitumia kuondolea barafu kwenye mabawa.

Mfamasia Mstaafu
Dada, ile ya viwandani iache kabisa, hata kama bei yake inavutia. Haikusafishwa wala kupimwa kwa ajili ya mwili wa binadamu, na kwa macho huwezi kuitofautisha na ethilini glaikoli wala dayethilini glaikoli, ambazo huharibu figo. Mwaka 2022 makumi ya watoto walifariki nchini Gambia baada ya kunywa dawa za maji zilizokutwa na sumu hizo mbili. Losheni hupakwa, hainywewi, lakini mtoto hulamba mikono, na ngozi yenye michubuko hupitisha mengi. Nunua ya daraja la dawa, udai cheti cha uchambuzi, kisha uhakikishe kwamba namba ya toleo iliyo kwenye cheti ndiyo iliyobandikwa kwenye pipa.

Mama Losheni, Morogoro
Nashukuru sana. Na kiasi je?

Fundi Maabara
Anza na asilimia 2 hadi 5. Wapo ambao ngozi zao huwashwa nayo, kiasi kwamba mwaka 2018 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliitangaza kuwa kizio cha mwaka, yaani kitu kinachosababisha mzio, kwa hiyo iandike waziwazi kwenye lebo.