Ushauri: Dakota ya mbao iko tayari, vidude vya shaba kwenye injini vinanitoa jasho

SeremalaSombetini (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni seremala hapa Arusha, riziki yangu vitanda na makabati. Mwaka wa pili huu, jioni nikishafunga karakana, najenga mfano wa ndege ya DC-3, ile Dakota ya wazee, kwa kipimo cha 1 kwa 10. Ndege halisi ina karibu mita 29 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, kwa hiyo yangu ni mita 2.9. Nilichagua kipimo hicho kwa uvivu wa hesabu, mlango wa sebule sikuukumbuka. Bahati nzuri hata ndege yenyewe mabawa yake ya nje hufungwa kwa bolti kwenye kipande cha katikati, nami nimefanya vivyo hivyo.

Mifupa ni plaiwudi. Ngozi ni pleti za aluminiamu zilizokwisha kutumika kwenye mashine za uchapaji. Hapo sina shida, mbao na shiti naelewana navyo. Shida ni injini. Twin Wasp, injini ya Dakota, ina silinda 14, safu mbili za saba saba, na kila silinda imezungukwa na mapezi membamba ya kupoozea. Nilikata mapezi kwenye makopo ya soda. Risasi ya kulehemu ikakataa kushika, inaviringika tu kama maji juu ya jani la myugwa. Nikahamia supagluu. Asubuhi nakuta ukungu mweupe umetanda kila mahali, na nilipopitisha kidole mapezi manne yakabaki mkononi. Nikajaribu shaba kwa asidi ya mafundi wa rejeta. Ikashika, nikashangilia. Wiki tatu baadaye shaba yote imeota kijani.

Nitumie madini gani, na niyashikishe kwa nini? Plastiki sitaki. Naomba kuwasilisha.

ChaliiWaKijenge

Mwanangu, hiyo inapaa au ni ya kufuta vumbi tu?

SeremalaSombetini

Haipai. Shemeji yako naye huniuliza hivyo kila Jumamosi.

RedioNaTivii

Mkuu, aluminiamu kwenye injini achana nayo. Ikigusa hewa tu inajivika ngozi ya oksidi, na risasi inaishia kugusa hiyo ngozi, aluminiamu yenyewe haiioni. Hata ukikwangua, inarudi kabla hujashika risasi. Tumia shaba au brasi, halafu upake rangi ya fedha, nani atajua?

Kijani chako ni asidi iliyobaki. Sisi kwenye saketi tunatumia rozini, utomvu mkavu wa msonobari, haili shaba. Kama huna budi utumie asidi, kazi ikipoa isugue kwa mswaki na maji ya magadi, kisha maji matupu mara mbili, ianike juani. Umeiacha na uchafu wake, ikaendelea kula.

Mchapa3D

Mnajitesa. Kuna printa za 3D siku hizi, zinachapa vitu vya plastiki, silinda zote siku mbili umemaliza.

RedioNaTivii

Kasema plastiki hataki.

KijanaWaSonara

Naomba niongee kama mtu niliyelelewa kwenye benchi la sonara. Seremala, usikate pezi moja moja. Tuseme silinda moja ina mapezi 15, mara 14 ni vipande 210, na kila kimoja unakipiga tupa. Utaacha hobi.

Fanya hivi. Tafuta kijiti cha mbao cha duara cha milimita 15, wewe una mashine, chonga mwenyewe. Nenda kwa mafundi wanaosuka mota upya, omba waya wa shaba wa milimita 1 na mwingine mwembamba kidogo. Waya za mota zimepakwa vanishi, kwa hiyo ule mnene uchome kwenye moto kwanza, uusugue kwa msasa laini mpaka ung'ae wekundu, la sivyo risasi itakukataa tena. Na kule kuuchoma kunaulainisha. Mwembamba uache na vanishi yake.

Sasa shika waya zote mbili kwa pamoja, zizungushe kwenye kijiti zikiwa zimebanana, mnene, mwembamba, mnene, mwembamba. Ukifika mwisho, funga ncha za ule mnene, kisha ufungue ule mwembamba taratibu uutoe wote. Unabaki na spring yenye nafasi sawasawa, kila mzunguko ni pezi. Kabla hujaichomoa kwenye kijiti, pitisha mstari mwembamba wa risasi upande mmoja tu, wa nyuma, usioonekana. Chuma kidogo cha kuchomea redio hakitatosha, shaba inakunywa moto. Tumia kikubwa. Kijiti kitaungua kidogo, ndiyo maana nasema cha mbao: ukikwama unakipasua.

Najua pezi halisi ni bapa na waya ni duara. Ukishapaka rangi nyeusi iliyozimuliwa sana ikaingia kwenye mifereji, jicho halitauona huo mduara.

SeremalaSombetini

Aisee. Na pushirodi je, vile vijiti vya kusukuma valvu? Nimekunja waya wa nyumba mara kumi, haunyooki.

KijanaWaSonara

Mita moja, ncha moja kwenye jiliwa, nyingine kwenye drili. Vuta kidogo huku drili inazunguka polepole. Baada ya mizunguko michache umenyooka kama sindano. Chukua waya wa 2.5, unene wake ni kama milimita 1.8. Wengi wanadhani ile 2.5 ni unene, kumbe ni eneo la mkato.

MekuWaKibosho

Vijana hamjambo. Mimi ni mstaafu, nipo Moshi, nimeshika spana za ndege miaka mingi. Dakota za East African Airways nilizikuta, kabla shirika halijavunjika mwaka 1977.

Kijana, unasema silinda 14. Ukisimama mbele ya ndege, kava ya injini imefungwa, unaona ngapi? Saba. Zile za nyuma zinachungulia kwenye mianya. Basi tengeneza saba kwa ukamilifu, na za nyuma vichwa tu. Umepunguza karibu nusu ya kazi.

Muda huo uliouokoa uweke kwenye vitu ambavyo mtu akivikosa anahisi kuna kasoro. Kila silinda pushirodi mbili, plagi mbili, na nyaya za plagi zifungwe zifuate njia, zisining'inie kama tambi.

Riveti nazo usizipige kubwa. Kichwa cha riveti ya kawaida ya ngozi kina milimita 6 hivi, kwako ni 0.6. Nimeona ndege za maonyesho zina riveti kama vifungo vya koti. Bingirisha kigurudumu chenye meno cha saa mbovu upande wa nyuma wa shiti, rula ikiwa pembeni. Na shiti ikiwa ngumu kukunja, ipake sabuni ya mche, ipashe moto mpaka sabuni iwe nyeusi, basi, ondoa. Ukingoja ikuonyeshe wekundu utaiona imeanguka chini, aluminiamu haikupi dalili.

SeremalaSombetini

Shikamoo mzee. Nimenyamaza siku tisa kwa sababu nilikuwa nasuka. Silinda ya kwanza niliichoma mpaka kijiti kikawa mkaa, ya pili imepinda, ya tatu mpaka ya tisa zimetoka. Nimezipanga kwenye ubao na pushirodi zake 14. Mama watoto kapita, kasimama, kauliza ni za kuuza? Kwake hiyo ni sifa.

Imebaki ekzosi. Nimeipaka fedha, inaonekana kama bomba la sinki.

MekuWaKibosho

Marahaba. Ekzosi ya Dakota haina ufedha, ni kahawia ya kutu iliyoungua, na mafuta yamechirizika nyuma yake. Usinunue rangi. Kwangua kutu ya bati la paa, ichekeche kwa kitambaa, ichanganye na vanishi isiyong'aa, uipake kwa kudonoadonoa. Banda langu la mbuzi lina mabati ya kutosha, ukishuka Moshi njoo na kopo.