Mafundi wa mashine za boti Dar, pimeni kwanza kabla ya kushusha injini!

Wakuu, leo nasema bila kupepesa macho. Kuanzia Kunduchi, Msasani, Feri hadi ng'ambo Kigamboni, mchezo ni uleule. Mashine ya nguvu-farasi 15 ya kuchanganya oili inakohoa, haishiki silensa (mzunguko wa chini bila kuipa resi), au ukiipa resi inapanda kidogo kisha inalegea. Fundi anafika, hajauliza hata swali moja, tayari kashika bisibisi anazungusha skrubu za kabureta. Isipotulia anatoa hukumu: "Ringi zimekwisha hizi, tushushe." Mwenye boti anatumwa Kariakoo kutafuta pistoni, ringi na gasketi, kumbe ugonjwa uko kwenye mfuniko wa tangi.

Ndiyo, mfuniko! Tangi la kubeba lina kiskrubu cha hewa pale juu. Kikiwa kimefungwa, petroli inatoka lakini hewa haiingii, na baada ya dakika chache mashine inakosa mafuta. Pampu ya mkono, ile ya mpira iliyo katikati ya mpira wa mafuta, inanywea yenyewe. Mwenye macho anaona. Ikinywea na hewa iko wazi, basi kuna kuziba upande wa tangini.

Sasa kipimo ambacho hakigharimu hata shilingi. Mashine ikianza kulegea kwenye kasi, mtu mmoja aminye pampu ya mkono mfululizo. Ikichangamka, kabureta ilikuwa haipati petroli ya kutosha: ama viungio vinavuta hewa, ama filta imeziba, ama kiwambo cha pampu ya mafuta kimechanika. Kiwambo ni kipande chembamba tu, unafungua skrubu chache unabadilisha, injini haiguswi. Isipochangamka, shuku jeti kubwa ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli ya kasi kubwa) au moto wa plagi.

Moto nao unapimika. Zima mashine, chomoa waya wa plagi moja, uunganishe vizuri na bodi ya injini, kisha washa boti likiwa majini. Rudia kwa silinda ya pili. Ukikata silinda inayofanya kazi, mashine inayumba au inazima kabisa. Ukikata iliyokufa, sauti haibadiliki. Ila msiache waya ukining'inia hewani injini ikizunguka, mtaunguza koili au CDI (kile kisanduku cha umeme kinachotoa moto wa plagi), na bei ya CDI mnaijua.

Halafu tazameni plagi zenyewe, jamani! Nyeusi na imelowa: silinda haichomi, au petroli na oili vimezidi. Nyeupe kavu: petroli ni kidogo, na hii ndiyo ya kuogopa. Kwenye mashine hizi oili inaingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua, ulainishaji nao umepungua, pistoni inapata joto na kung'ang'ania kwenye silinda. Kwa hiyo fundi anayepunguza petroli "ili inywe kidogo" anauza injini ya mtu kwa bei ya lita moja.

Na skrubu ya mchanganyiko pale kwenye kabureta, kazi yake hasa ni silensa. Kabla ya kuitoa, izungushe ndani taratibu mpaka iguse, hesabu mizunguko, andika. Silensa ikisumbua huku kasi kubwa iko safi, ni jeti ndogo imeziba. Ikiwa kinyume, ni jeti kubwa. Safisha kwa dawa ya kabureta na upepo. Wale wa kuchokonoa kwa waya wanapanua tundu, na tundu likishapanuka hakuna usafi utakaolirudisha.

Ringi? Leta geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda. Toa plagi zote mbili, fungua resi yote, vuta kamba, soma. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi, hapo tuzungumze kushusha. Bila geji unapiga ramli.

Wenye boti nao hawako salama. Kwa mashine ya 50 kwa 1 (petroli sehemu 50, oili sehemu moja), lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili. Pima, usimimine kwa jicho. Iwe oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3, siyo ile ya bodaboda inayokaa kwenye injini na wala haikutengenezwa kuungua. Petroli mimina kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie: maji yatakaa chini. Kusi likichafua bahari, tangi linatikiswa, maji na takataka vinanyanyuka vinaingia kwenye mpira. Ndiyo maana mashine inaweza kuwa nzuri ufukweni ikafia mbele ya Bongoyo.

NYONGEZA: Aliyeuliza kuhusu mashine inayopiga kelele huku boti haliendi, hiyo siyo kabureta, mkuu. Angalia kwanza kama propela imenasa mfuko au kamba. Ikiwa safi, chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani cha propela hadi sehemu ya nje, nenda baharini uipe kasi, rudi utazame. Mstari ukikatika, raba ya ndani inateleza. Unabadilisha propela au unaipeleka kuwekwa raba mpya. Fundi akikwambia tushushe injini kwa hilo, mlipe nauli aende zake.